Ukuta wa Nyuma

Ndoo ya jana ilikuwa palepale langoni, maji yamejaa hadi ukingoni, kumbikumbi wanne wanaelea juu wamekufa.

Zablon alisimama akaitazama, mkononi ameshika ndoo ya leo. Miezi miwili sasa mambo yalikwenda kwa utaratibu mmoja. Asubuhi anafika, anatua ndoo langoni, anakohoa mara mbili, anageuka kutazama barabara. Nyuma yake anasikia mlango ukilia, kandambili zikiburuzwa uani, ndoo ikinyanyuliwa, halafu kikohozi kimoja cha kumjibu: nimepata, asante, nenda zako. Hapo ndipo anaondoka. Ila jana mvua ilikuwa inapiga kama imetumwa. Alitua ndoo, akakohoa, akakimbia. Kikohozi cha kujibiwa hakukisubiri.

Mwenye nyumba ile, bibi Mokami, alikuwa mama mkwe wake. Na kwa Wakurya mkwe ni mkwe. Mwanamume haingii nyumbani kwa mama aliyemzaa mkewe, hamtazami usoni, halitaji jina lake, na wakikutana njiani mmoja lazima aingie porini mwenzake apite. Usicheke. Wapo wasomi pale Tarime mjini, watu wa tai na kompyuta, wakimwona mama mkwe sokoni wanaruka mtaro bila kuangalia kina chake.

Sasa ilikuwaje mkwe akabebeshwa kazi ya kumhudumia mkwe? Ni Kikundi cha Hodi. Mwalimu Modesta, mstaafu, alikianzisha pale kijijini Busawe baada ya mzee mmoja kuugua siku tatu peke yake ndani, majirani wakidhani amesafiri. Ni watu wa kujitolea, hawapewi hata kipande cha sabuni. Kila mmoja ana nyumba zake za wazee: anawachotea maji, anawapasulia kuni, anahakikisha dawa zimemezwa, na kila Jumamosi anajaza fomu. Upande huu wa korongo, kwa bibi Mokami, waliokaa karibu ni Zablon na mkewe Agustina tu. Fomu iliandikwa jina la Zablon, lakini aliyekuwa akiingia ndani ni Agustina. Ilikwenda vizuri hadi Agustina alipokwenda Sirari, kule mpakani, kwenye biashara ya nguo.

Hapo Zablon alitakiwa kusema neno moja tu kikaoni: mimi mle siwezi kuingia, tafuteni mwanamke. Hakulisema. Alikuwa amesifiwa mbele ya watu kwamba tangu kikundi kianze hajaruka nyumba hata moja, na sifa ni tamu. Kwa hiyo kila Jumamosi alikaa juu ya jiwe nje ya lango la mama mkwe wake, fomu gotini, akaweka tiki. Paa: zima. Kitanda: kizuri. Ukuta: mzima. Na huyu ni fundi ujenzi, jamani, mtu aliyejenga nusu ya nyumba za kata ile.

Akakohoa mara mbili. Kimya. Akakohoa tena, kwa nguvu, mpaka koo likawasha.

"Mama!" aliita. Hakuwahi kumwita kwa sauti namna hiyo. "Mama, uko?"

Kuku alitoka chini ya ghala akajikung'uta. Kisha sauti ikatoka ndani, nyembamba na kavu.

"Nani?"

"Ni mimi, Zablon."

"Rudi kwako."

"Mama, umeanguka?"

"Jana asubuhi. Mguu umevunjika huku juu. Tafuta mwanamke."

Zablon alivuka lango. Hatua tatu tu, akajiona kama mwizi. "Naingia nikutoe."

"Usiingie!" Ile sauti nyembamba ilipata makali. "Nilikuwa naoga. Sina kitu mwilini. Ukikanyaga humu ndani nakulaani, wewe na wanao, nakuapia."

Akasimama. Zablon ni Mkristo wa kubatizwa, anaimba besi kwenye kwaya, lakini laana ya mama mkwe si jambo la kuulizia Biblia inasemaje. Watoto wake walikuwa watatu, na wote aliwaona mbele ya macho yake kwa pamoja.

"Basi nazunguka nyuma tuongee dirishani," alisema. "Sitachungulia."

Akazunguka. Miaka kumi na minne tangu amwoe Agustina, hakuwahi kuuona upande ule wa nyumba.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, na mvua ya wiki tatu ilikuwa imeyala. Udongo uliosiribwa ukutani ulishabanduka wote. Mistari miwili ya chini, juu tu ya mawe ya msingi, ilikuwa imelainika mpaka ikawa uji. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo nje, na kutoka pembeni ulipanda ufa hadi kwenye bati, ufa wa kuingiza ngumi. Zablon aliingiza ngumi. Akiwa ameiweka hapo alihisi tofali la juu likimsogelea mkononi, taratibu, bila kelele.

Akautoa mkono kama aliyeungua. Fundi hahitaji timazi kujua ukuta kama huo unaelekea wapi. Chini ungeanza kudidimia, juu ungeangukia ndani, kenchi za paa zingefuata na bati juu yake. Aliupa saa moja. Kule milimani wingu lilikuwa jeusi, na mvua ikirudi hata hiyo saa moja haipo.

Ukuta: mzima. Alikuwa ameandika hivyo Jumamosi, kwa kalamu yake mwenyewe. Aibu ilimpanda kwanza, halafu hofu, halafu vyote viwili vikachanganyika asijue kipi ni kipi.

Mtandao pale hushikwa juu ya kichuguu tu. Alipanda akampigia mwalimu Modesta. Kijiji chote kilikuwa msibani ng'ambo ya korongo, wanawake wamekwenda tangu jana mchana kupika, na kwa mvua ile hakuna aliyerudi.

"Mwalimu, bibi ameanguka, amevunjika mguu. Na ukuta wa nyuma unaondoka. Nileteeni mwanamke, mmoja tu, sasa hivi."

"Maji ya korongo yako kifuani, Zablon. Kuna ng'ombe amechukuliwa asubuhi hii. Nani avuke?" Halafu akakumbuka. "Ukuta gani? Si Jumamosi umeandika mzima?"

Zablon alifumba macho. "Sijawahi kuingia, mwalimu. Tangu Agustina aondoke sijaingia hata siku moja. Nilikuwa naandika tu."

Upande wa pili alisikia masufuria, watu wakiongea, mtu akicheka kidogo kama watu wanavyocheka msibani. Modesta hakumtukana. Afadhali angemtukana.

"Niingie?" Zablon aliuliza.

"Mimi nimeolewa hapa tu, mila zenu zina wenyewe. Ongea na mzee Waitara, huyu hapa."

Mzee Waitara, mkubwa wa ukoo wa marehemu mume wa Mokami, alikohoa kwanza ndipo akaongea. "Maji yatapungua mchana. Tutakuja na wanawake. Wewe kaa langoni."

"Mzee, ukuta haufiki mchana."

"Ukiingia huko unatuharibia nyumba nzima, na yeye mwenyewe hutampa pa kuweka uso wake. Mura, kijana, nimesema kaa langoni." Simu ikakatika.

Akampigia Agustina. Sirari kulikuwa na kelele za spika za wauza nguo, ikabidi Zablon aeleze yote kwa kupiga kelele. Alipomaliza, mkewe aliuliza kitu kimoja tu.

"Mama anasemaje?"

"Amenikataza. Anasema ananilaani."

"Zablon." Alisogea mbali na spika. "Mimi ndiye mwanaye wa pekee aliyebaki. Mtoe mama yangu. Hiyo laana aitume kwangu."

Tone la kwanza la mvua lilimpata shingoni akiwa anateremka.

Zizi la bibi lilikuwa tupu tangu ng'ombe wauzwe. Aling'oa nguzo mbili akazunguka nazo nyuma, akaziegemeza ukutani kwa chini, akapigilia jiwe miguuni mwa kila moja. Si tiba, ni kuuomba ukuta usubiri kidogo.

"Unagonga nini huko?" Mokami aliuliza kutoka ndani.

"Ukuta unaanguka, mama."

Akajibu kwa upole wa kumshangaza: "Najua. Wiki ya tatu hii. Usiku nausikia ukijikuna."

"Mbona hukusema?"

"Nikwambie wewe? Nitoke hadi langoni nikuelezee wewe chumba ninacholala?"

Zablon alikuwa amefika pale asubuhi sitini, na ukitoa jana na leo, asubuhi zote mama huyu alitembea na kandambili zake hadi langoni, akamkoholea, akarudi kulala chini ya ukuta ule. Kila mmoja alimstahi mwenzake. Heshima yao ilikuwa safi kabisa, na ilikuwa inakaribia kumzika mmoja wao.

Alirudi mbele, akavua koti lake la mvua, akasukuma mlango kwa mgongo.

"Mama, nakuja kinyumenyume. Macho yangu yako nje, sikuoni. Wewe niongoze."

"Zablon, nimesema nakulaani!"

"Utanilaani tukishatoka."

Hatua ya kwanza aliikanyaga ndani ya nyumba ya mama mkwe wake, na hakuna kilichotokea. Hatua ya pili. Ndani kulinukia udongo mbichi na sabuni. Mbele ya macho yake uliobaki ni mlango tu, na ua, na matone yakiruka kwenye tope, na uwazi ule ulizidi kuwa mdogo kadiri alivyorudi. Alikanyaga sufuria, ikalia, akajigonga kwenye mlango wa chumba. Nyuma yake alisikia pumzi za mama, fupi fupi, za mtu aliyekataa kusema.

"Mama, niko sawa? Nipite wapi?"

Hakujibiwa.

"Mama, mimi sioni!"

Kitu kilipasuka nyuma huko, mlio mkavu kama wa mti. Donge la udongo lilianguka, jingine likafuata, na mwanga usiokuwepo ukaingia chumbani. Nguzo moja ilikuwa imeteleza. Zablon alitaka kukimbia, tusidanganyane. Miguu ilishaanza kuelekea mlangoni, mwenyewe hajaiamuru.

"Kushoto," alisema Mokami.

Akasimama.

"Kushoto kwako kuna beseni, utaangukia. Hapo. Rudi. Rudi tena kidogo. Niko chini, usinikanyage."

Zablon alirusha koti nyuma ya bega lake. "Vaa, mama. Funga hadi juu." Alisikia mpira wa koti ukikwaruza, mama akilia kwa maumivu kati ya meno. Alichuchumaa. "Nishike shingoni. Mguu mzima nitaushika mimi, ule mbovu uache uning'inie."

Mikono ilikuja, ya baridi, myembamba, ikasita hewani kabla ya kumgusa. Kisha ikamkaba kwa nguvu asiyoitegemea kwa bibi wa umri ule. Alisimama, mama akapiga kelele moja ya kukata masikio, Zablon akaanza kutembea, sasa uso mbele, akiuona mlango, akiutaka mlango kuliko kitu kingine chochote duniani.

Waliupita. Hatua ya nne au ya tano uani, nyumba ilishusha pumzi nyuma yao. Hakugeuka. Alisikia ukuta ukididimia, kenchi zikivunjika moja baada ya moja, bati likija juu ya vyote kwa kishindo kilichowatoa kuku wote waliosalia. Kisha mvua tu.

Alimweka chini ya ghala, kwenye pakavu, juu ya magunia. Yeye akakaa upande wa pili wa nguzo, mgongo kwake, akitetemeka na shati lake moja.

"Agustina anajua?" Mokami aliuliza.

"Ndiye aliyesema niingie."

"Mtoto huyo." Alivuta koti likamfunika magoti. "Wakija, nitaongea mimi. Wewe funga mdomo. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Maji ya korongo yalipungua karibu na saa saba mchana. Walikuja kundi zima na tope hadi mapajani, mzee Waitara mbele na fimbo yake, mwalimu Modesta nyuma yake, na wanawake kama sita wenye blanketi na miti ya kutengenezea machela. Walipoona bati limelala chini kama mkeka, mmoja akapiga yowe. Ndipo wakamwona bibi chini ya ghala, na Zablon amesimama langoni, shati limemganda mwilini.

"Ee Mungu, nani amekutoa?" Modesta aliuliza akipiga magoti.

"Nimetambaa," alisema Mokami.

Wanawake walitazama mguu, ulivyopinda pale pajani. Wakatazama koti la mvua, kubwa, la kiume, ambalo kila mtu Busawe alilijua.

"Na koti?" mmoja akathubutu.

"Alinirushia. Kutokea langoni."

Kutoka langoni hadi ndani mle, hata mtu wa kurusha mkuki asingefikisha. Lakini mzee Waitara aliitikia kwa kichwa, polepole, na uso wake ukalegea. "Mungu mkubwa," alisema. "Ametambaa. Na mkwe amekaa langoni alipoambiwa akae." Wanawake wakaitikia. Kila mtu pale alijua, na kila mtu alikuwa tayari kutokujua, na jambo lingeishia hapo: hakuna mbuzi wa kuchinjwa kuondoa mwiko, hakuna kikao cha wazee, hakuna mama wa kusemwa kisimani.

Zablon alihisi nafuu ikimshuka kifuani, tamu. Na utamu huo aliutambua. Ulikuwa uleule wa kila Jumamosi, akiwa juu ya jiwe lake, akiandika vizuri kitu asichokiona.

"Mimi ndiye niliyeingia," alisema.

"Hatukukuuliza wewe, mura," alisema Waitara bila kugeuka.

"Najua hamkuniuliza. Niliingia hadi chumbani nikambeba mgongoni. Na huo ukuta nilisema ni mzima wiki nane nzima bila kuutia machoni, kwa sababu niliona haya kusema siwezi kuingia. Bibi huyu angekufa kwa haya yangu."

Chini ya ghala Mokami alikuwa amejifunika uso kwa kofia ya koti.

"Hili litafika kwa wazee," Waitara alisema mwishowe.

"Lifike."

Modesta aliwahimiza wanawake, wakafunga blanketi kwenye miti, wakamlaza ili wamvushe korongo hadi hospitali. Walipomnyanyua tu, bibi alipiga kelele. Hatua tatu, mmoja akateleza kwenye tope, machela ikainama, mguu ukajikunja, na kelele iliyofuata ilimfanya hata Waitara aangalie pembeni.

"Niwekeni chini!" Mokami alilia. "Chini! Mnaniua!"

Wakamweka. Alihema, machozi yanamtoka, na kofia ya koti ilikuwa imeanguka nyuma ya kichwa. Hakuirudisha.

"Mwiteni yule," alisema.

"Nani, mama?"

"Yule pale langoni. Yeye anajua mguu huu unashikwa wapi."

Mzee Waitara alishusha sauti. "Mama Agustina, mbele za watu?"

"Mbele za watu," alisema bibi. "Waitara, wewe ulimwambia akae langoni. Ningekuwa chini ya lile bati sasa hivi, na wewe ungekuwa unanipikia ugali wa msiba kwa heshima zote. Mwiteni."

Hakuna aliyemwita. Zablon alikuja mwenyewe, kinyumenyume, akipapasa njia kwa visigino, hadi alipoisikia pumzi yake karibu, akachuchumaa kwenye tope mbele ya ukoo mzima. Mikono ilimzunguka shingo, na safari hii haikusita.

"Haya twende," alisema Mokami sikioni mwake. "Na kule korongoni kanyaga taratibu, mawe yanateleza."